Mashine ya Kahawa Isiyojua Kahawa

Jumamosi nilikuwa kwenye duka la vyombo vya umeme hapa Kakamega mjini, nanunua balbu, mama mmoja alipoingia na mashine ndogo ya kusagia kahawa. Aliitua kwenye kaunta kwa kishindo.

"Imekataa kuzunguka. Nipe ingine, waranti bado iko."

Mwenye duka akafungua kifuniko, akapitisha kidole ndani, akakinusa.

"Mama, hii ni ya kahawa. Wewe umesaga njugu. Mafuta yake yamekwamisha kisu."

"Kwani kwangu nani anakunywanga kahawa? Mgeni akija anapewa chai. Njugu ndiyo naweka kwa mboga."

"Waranti ni ya kahawa peke yake."

"Sawa." Mama akaielekeza mikono yote miwili kwenye mashine ya maonyesho iliyokuwa pale kaunta. "Washa hiyo yako, nione vile inasaga kahawa."

Wateja sote tukasogea. Mwenye duka akainama polepole, akatoa kopo analotumia kujaribia mashine mbele ya wateja. Mama akalifungua mwenyewe. Ndani njugu, zimekaangwa vizuri.

Hakucheka. Alitupa mbili mdomoni, akazitafuna huku amemkazia macho mwenye duka.

"Chumvi ndiyo imekosekana," akasema. "Sasa leta mpya."

Aliletewa. Nami nasema haki ilitendeka. Mashine ikihamia huku kwetu, iulize kwanza wenyeji hula nini. Yangu ni bingwa wa simsim, na harufu ya kahawa haiijui.