Uongo Wangu Ulizima Tablete za Watoto

Nilikosa. Sitazunguka. Mimi ni mwalimu wa shule ya musingi hapa Kindu, nywele zimekwisha kuwa nyeupe, na niliharibu maisha ya mwalimu mwenzangu kwa huu mudomo wangu. Jina langu sitaji. Yeye nitamuita Feza, na hilo si jina lake.

Feza nilimujua tangu mutoto. Wakati wa vita muji ulifungwa pande zote. Njia ya Kibombo haipitiki, treni hakuna, chumvi hakuna, na ndani ya shule yetu askari njo walikuwa wanalala. Nikakusanya watoto wa mutaa wetu wa Mikelenge nyuma ya nyumba yangu. Wao hawana kaye za kuandikia, mimi sina chaki. Niling'oa mulango wa jikoni, nikaandika juu yake na makaa. Feza alikuwa na miaka saba, na baba yake alikuwa ameshauawa. Alijifunza kusoma pale. Risasi zikilia, tunalala chini. Zikinyamaza, yeye njo wa kwanza kuinuka na kuuliza, "Mwalimu, tulifika wapi?"

Mpaka leo watu wa mutaa wananisalimia kwa mikono miwili juu ya ile kazi. Ile heshima ilinilevya, ndugu zangu!

Miaka ikapita. Feza akapata diploma, akakuja kufundisha shule moja na mimi. Halafu watu wa musaada wakatuletea tablete, pamoja na plake ya jua ya kuzichaji. Ndani mulikuwa masomo ya kila namna: hesabu, Kifaransa, hata picha ya moyo unaosukuma damu. Direkteri wa shule akamukabidhi Feza juu ya kuwa yeye alijua kuzitumia.

Mungeona kilasi yake! Watoto waliokuwa wanatoroka walirudi wenyewe. Kulikuwa na musichana mumoja, Mwavita, masikio yake hayasikii vizuri. Alikaa ndani ya kilasi yangu miaka miwili, nikawa ninamuita muvivu. Muvivu! Kwa Feza alisoma maneno kwenye kioo, akaona picha zinavyotembea, na mbele ya Noeli alikuwa anagawanya hesabu kuliko wote. Mama yake alikuja shuleni akalia mbele yetu. Alimushika Feza mikono. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, hakuniangalia.

Feza hakunidharau hata siku moja. Aliniambia, "Papa Mwalimu, ubaki kidogo masomo yakiisha, nitakuonyesha pole pole."

Nikamujibu, "Mimi nilikufundisha a, e, i, o, u. Leo wewe utanifundisha mimi?"

Alicheka. Alifikiri ni masihara.

Siku moja malaria ilimulaza, direkteri akaniomba nishike kilasi yake. Nikabonyeza tablete, ikawa nyeusi. Nikabonyeza tena, ikapiga muziki kwa sauti kubwa. Kilasi muzima ikacheka! Mwavita akainuka, akanishika kidole, akakiweka pale panapotakiwa. Yeye hakucheka. Alitaka kunisaidia tu. Lakini nilijisikia kama muntu aliyevuliwa nguo sokoni.

Masomo yalipoisha nilienda moja kwa moja kwa prezida wa wazazi. Nikamuambia, "Papa, unajua watoto wanaangalia nini ndani ya zile tablete? Mimi niliona watu uchi."

Sikuona kitu! Naapa mbele ya Mungu, sikuona kitu!

"Uliona kwa macho yako?" aliuliza.

"Kwa macho yangu."

Ijumaa ilisemwa musikitini, siku ya yenga ikasemwa kanisani. Siku ya kazi iliyofuata wazazi walijaa kwenye kiwanja cha shule. Wengine walipasua plake kwa mawe. Mama mumoja alimuita Feza malaya mbele ya wanafunzi wake. Hakuna aliyetaka kufungua tablete aangalie. Walisema kuangalia peke yake ni zambi.

Feza alinitafuta katikati ya watu, akasema, "Papa Mwalimu, uwaambie. Wewe njo unanijua."

Nikaangalia viatu vyangu.

Neno moja tu lingetosha! Wangeniamini, juu mimi njo mwalimu wa vita. Nikanyamaza mpaka walipomutoa kwenye lango.

Direkteri alifungia tablete ndani ya kabati. Feza, hakuna shule iliyomupokea tena hapa Kindu. Mwavita alirudishwa ndani ya kilasi yangu. Alikaa majuma mawili, akiangalia mudomo wangu bila kuelewa, kisha hakuonekana tena. Sasa anatwanga pondu, majani ya muhogo, ya watu wengine apate feza kidogo. Nikipita, ananiamkia kwa adabu. Hiyo adabu inanichoma kuliko matusi.

Mwaka jana roho ilinishinda. Nikaenda kwa direkteri, nikamuambia kweli yote. Akafungua kabati. Betri zilikuwa zimevimba, vioo vimepasuka.

"Mwalimu," aliniambia, "sasa unataka nifanye nini?"

Nikapanda pikipiki mpaka upande wa Pangi, kwa wachimbaji wa madini, nilisikia Feza iko kule. Nilimukuta anauza muchele na mafuta ya mawese. Alinipa kiti, akanipa maji. Nikamuambia yote, ninalia kama mutoto.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nilijua. Ulipoangalia chini nilijua."

"Unisamehe, mwanangu."

"Kunywa maji, Mwalimu. Jua ni kali."

Karibu naye mutoto wake wa kike alikuwa anachambua muchele. Nikauliza anasoma wapi.

"Hasomi. Hapa mwalimu hakuna."

"Si wewe uko? Umufundishe!"

Akaniangalia, mara ya kwanza tangu nifike. "Mimi niliacha kufundisha," alisema. Muteja akaita, akainuka akaenda kumupimia mafuta. Nilingoja. Hakurudi kukaa.

Ninyi walimu wazee wenzangu, ninawaomba! Kijana akikuja na kitu usichokijua, keti chini akufundishe. Haya ya kuchekwa na watoto inaisha siku moja. Hii yangu haiishi. Na ninyi wazazi, mukiletewa neno baya juu ya mwalimu wa watoto wenu, mufungue kwanza muangalie wenyewe, hata kama aliyelileta ni muntu munayemuheshimu. Zaidi sana akiwa yeye!

Wazazi wa shule yetu bado sijawaambia. Ninaogopa. Ninaandika hapa kwa sababu hamunioni uso. Ninaandika na telefone, nilijifunza mwaka huu, mupwa wangu alinionyesha. Ilinichukua siku ine tu.