Harusi Zote Zilipoingia Kisandukuni

Miaka ile nilikuwa nahariri video za harusi katika studio moja ya Bwera, mji wa mpakani, na nilikuwa na kiburi. Baba yangu alitoka Kenya kuja Kasese kufanya kazi ya saruji, nikazaliwa na kusoma huko, na kwa kuwa nilikuwa na cheti cha kompyuta cha miezi sita niliamini kwamba kuanzia Kinyamaseke hadi mpaka wa Congo hakuna mashine ya kunishinda. Nayasema haya mapema ili usinionee huruma.

Studio ilikuwa ya Haji mmoja mwenye malori. Nusu ya chumba ilikuwa ofisi ya malori, nusu nyingine studio, na katikati alikaa Haji mwenyewe akisimamia zote mbili kwa sauti ileile. Zamani aliwahi kubeba mizigo ya jeshi, kwa hiyo hakujua kuomba, alijua kuamrisha tu. Kompyuta yetu ilikuwa kongwe, bado inatumia ule mfumo wa zamani wenye picha ya kilima cha kijani na mbingu ya buluu. Kila harusi tuliyopiga, ya kanisani au ya msikitini, ilikaa humo, mpaka ikafika mahali ukitaka kufungua moja unapata muda wa kupika chai na kuinywa.

Haji akaagiza dawa kutoka Kampala. Ilikuja juu ya lori, kati ya magunia ya sukari, pamoja na fundi wake: kisanduku cheusi chenye diski mbili tumboni, hakina kioo wala kibodi. Unakichomeka kwenye ruta, na kompyuta yoyote ya ofisini inachota humo kana kwamba inachota ndani yake yenyewe. Fundi alihamisha harusi zote kwa laptopu yake, akanionyesha kwamba zinacheza vizuri, akaniuliza kama azifute kwenye kompyuta ya zamani ili ipumue.

"Futa tu," nikamwambia, nikijifanya mtu anayefuta harusi za watu kila siku.

Akafuta, akafunga laptopu yake, akaondoka na lori la jioni. Asubuhi nikawasha kompyuta, nikatafuta kisanduku. Hakikuwepo. Taa zake zinawaka, feni inavuma, lakini kompyuta inatazama kilekile kilima chake cha kijani na kusema haioni kitu.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Mama Muzee.

Mama Muzee alikuwa mjane kutoka Karambi aliyekuja kila siku ya soko kuuza maharage. Tulipiga harusi ya mwanawe wa mwisho, na mumewe akafariki mwaka uliofuata. Hawakuwa na picha nyingine ya mzee huyo ila ile ya kitambulisho, ambayo mama mwenyewe alisema inafanana na mtu mwingine kabisa. Mtoto alichukua nakala yake, akaenda nayo Kampala. Nyumbani kwa mama hakukuwa na umeme. Basi kila siku ya soko alikuja studio, akaketi kwenye kigoda, nami nikamwekea ile harusi pale mzee anapotokea. Alimtazama kwa dakika chache, akizungumza naye Lhukonzo, lugha ya kwao, kwa sauti ndogo, halafu akajitwisha kikapu na kwenda zake. Mimi Lhukonzo changu ni cha kununulia ndizi, na hata hivyo niliona si vizuri kusikiliza maneno ya mke na mume, kwa hiyo nilijifanya napanga nyaya.

Siku ya soko ya kwanza nilimwambia mashine inaumwa.

"Inagonjwa nini?" akauliza.

Nikasema kichwa. Akasikitika sana, akasema iachwe ipumzike.

Nilimpigia simu fundi. Akanieleza kwamba visanduku vipya havipokei salamu za kizamani, na kompyuta yetu ilikuwa haijui salamu nyingine. Akanielekeza nifungue ukurasa wa mipangilio wa kisanduku na kukiruhusu kipokee hata salamu za wazee. Nikafanya hivyo, na kweli kikaonekana. Nilipiga vigelegele peke yangu. Halafu kikaniuliza jina na neno la siri. Nikaandika kama yalivyokuwa kwenye karatasi ya fundi. Kikakataa. Nikaandika polepole, herufi moja moja, kikakataa. Nikaandika kwa hasira, kikakataa vilevile, na nakiri kwamba nilikipiga kofi, si kali sana.

Haji alikuja kuona. Akakishika tumbo kama anavyoshika boneti ya lori, akasikiliza.

"Injini iko fiti," akasema. "Shida iko kwa clutch."

"Haji, hakina clutch."

"Binti, kila kitu iko na clutch. Hii imetoka Kampala na barabara mbaya. Wacha ilale siku mbili."

Kikalala siku mbili, nyaya zimechomolewa, kimefunikwa kitambaa cha meza. Siku ya tatu Haji alisimama mbele yake, akaamrisha, "Wewe! Fungua!" Mimi nikabonyeza kitufe wakati uleule, kwa sababu tulishafika mahali pa kujaribu chochote. Kikakataa. Haji alisema hakina adabu, akarudi kwenye malori yake.

Siku ya soko ya pili Mama Muzee alikuja na mayai manne yaliyofungwa kwa majani makavu ya mgomba.

"Nimekuja kuona mugonjwa," akasema.

Alikuwa hatanii. Kwao mtu haendi kwa mgonjwa mikono mitupu, na mgonjwa wetu alikuwa pale juu ya meza, na kitambaa chake. Aliyaweka mayai kando ya kisanduku, akakipapasa kidogo, akaniuliza kama kimekula. Haji aliinamia makaratasi yake mabega yakimtikisika. Mayai tuliyachemsha mchana, tukayala.

Siku ya soko ya tatu hakuketi. Alisimama mlangoni na kikapu kichwani.

"Mutoto," akasema, "kama mumemupoteza, semeni tu. Mimi nilishamuzika mara moja. Najua kufanya."

Nikamwambia hajapotea, yumo ndani, apite tena kabla hajarudi Karambi. Sikuwa na sababu yoyote ya kusema hivyo. Akaenda sokoni, mimi nikaketi mbele ya kilima cha kijani nikilia kimyakimya kama mjinga. Cheti changu kilikuwa ukutani, Haji alikuwa amekiwekea fremu, na siku hiyo nilitamani kukigeuza kitazame ukuta.

Ilikuwa Ijumaa, Haji ameenda msikitini. Kwenye benchi alikuwepo mteja mmoja, mfanyabiashara wa kitenge kutoka ng'ambo ya mpaka, anangoja picha zake za paspoti. Nilikuwa nimefungua tena ukurasa wa mipangilio wa kisanduku, naupekua bila kujua natafuta nini. Mteja alikuja nyuma yangu kuangalia kama picha zake zimetoka.

"Dada," akasema, "hizi mashine zako mbili beko mu nchi mbili?"

Nikamwuliza ana maana gani.

"Angalia. Hii inasema moja, hii inasema saba. Mimi navukaka mupaka kila juma. Kitu ya kwanza nauliza ni saa: ya huku ao ya kwetu? Mutu akikosa hiyo, anakuta barrière ya mupaka imefungwa."

Nikaangalia. Pembeni mwa kioo, saa ya kompyuta ilisema 7:20. Kwenye ukurasa wa kisanduku, saa ilisema 1:20. Na nje, kwa watu wote wa Bwera, ilikuwa saa saba na dakika ishirini mchana.

Kompyuta ile Haji aliirekebisha mwenyewe siku ilipofika, miaka kabla yangu. Hakuweza kuvumilia mashine inayoonyesha kumi wakati watu ndiyo kwanza wanamaliza chai ya saa nne. Akaiweka kwenye saa za watu. Madereva wote walichungulia dirishani kujua saa, mwadhini aliwahi kuja kuiuliza, na mimi niliitazama kila siku nikaiona sahihi kabisa, kwa sababu ilikuwa sahihi. Kisanduku nacho kilifuata saa za Kampala na dunia. Kikipewa neno la siri, kilitazama limeandikwa lini, kikaona mtu anayebisha hodi yuko mbele kwa saa sita, kikadhani ni mwizi. Mimi ningefanya vivyo hivyo.

Nikabadilisha saa. Nikaandika neno la siri. Mlango ukafunguka, na harusi zote zikajipanga mbele yangu, zaidi ya mia. Nilimkumbatia yule mteja, akashtuka, akaniuliza kama picha zake basi ziko tayari.

Haji alirudi kabla sijafuta machozi. Macho yake yakaenda moja kwa moja pembeni mwa kioo.

"Nani ameleta saa ya Wazungu hapa?"

Nikamweleza. Nikamwambia achague, saa au harusi. Hakuchagua. Akachukua kipande cha karatasi, akaandika kwa kalamu nene TOA SITA, ONGEZA SITA, akakibandika chini ya kioo ili madereva wachague wenyewe.

Mama Muzee alipita jua likianza kulegea. Nilimvutia kigoda, nikamwekea mumewe.

Safari hii sikupanga nyaya. Nilikuwa nimemtafuta yule mzee kwa majuma kadhaa, nisingeweza kutomtazama. Alikuwa ndani ya koti kubwa kuliko yeye, mpiga video amempa kipaza sauti awaombee maharusi, naye badala yake analalamika jambo, uso umekunjamana, watu nyuma yake wanacheka. Nikalishika neno moja tu, nyama, ambalo halikuhitaji mkalimani.

"Anasema hakupata nyama," akaniambia Mama Muzee. "Kila siku nakuja, kila siku anasema hakupata. Namuambia, samahani, nilikuwa na wageni, sikukuona." Akanigeukia. "Weye ulikuwa pale na kamera. Alipata?"

Sikukumbuka kabisa. Siku ile nilikuwa nashika taa, na nyama niliyoikumbuka ni yangu. Lakini nilitaka sana kumpa kitu, baada ya siku tatu za soko na mayai manne.

"Alipata, Mama," nikasema. "Nilimwona. Vipande vitatu."

"Vitatu?"

"Vitatu. Vikubwa."

Akamtazama mumewe pale kiooni, na koti lake, na uso wake wa kuonewa. Nikaona midomo yake inaanza kutetemeka, nikajuta, mpaka nilipogundua kwamba anajizuia kucheka.

"Usiku ule alilia njaa," akasema. "Nikamupatia nyama yangu."

Akakivuta kigoda karibu na kioo, akafunga kanga yake vizuri kiunoni.

"Rudisha nyuma, mutoto. Leo huyu iko na kitu ya kunieleza."