Dakika Kumi na Tano hadi Kitui

Ndugu yangu alipiga simu asubuhi nikiwa napiga pasi gauni la mteja. Mimi ni fundi wa nguo hapa Wote. Yeye ndiye aliyebaki nyumbani Zombe kumtunza mama, Mwaitu kama tunavyomwita kwetu.

"Mwaitu amelazwa Kitui tangu jana," alisema. "Amekuulizia mara tatu. Anasema kuna neno anataka kukuambia, wewe peke yako. Njoo leo."

Mume wangu akatoa simu yake, akatafuta umbali. "Kitui si mbali," alisema. "Kwa ndege ni kilomita sitini na kitu. Dakika kumi na tano tu." Kisha akairudisha simu mfukoni, kwa sababu ndege yenyewe iko wapi? Nilimkasirikia kana kwamba yeye ndiye aliyeificha.

Njia zilikuwa mbili. Ya lami inazunguka kupitia Machakos, ndefu lakini ya uhakika. Ya vumbi inakata hadi mto Athi, inavuka juu ya saruji iliyomwagwa mtoni bila daraja, inatokea upande wa Kitui. Mimi ndiye niliyechagua ya vumbi.

"Mvua imenyesha huko juu," mume wangu alisema.

"Hapa hata tone halijaanguka," nikamjibu.

Jirani yetu mwenye pikapu akakubali kunipeleka. Tulifika mtoni kabla ya saa tano. Maji yalikuwa mekundu, yamefunika saruji yote, yakisukuma matawi na hata mlango mzima wa zizi. Ng'ambo alisimama mwanamke mwenye kiondo, naye akitutazama. Niliona mpaka maua ya leso yake. Mwanamume mmoja mwenye mbuzi alituambia tungoje, yatapungua. Tukangoja. Hayakupungua.

Saa sita ndugu yangu alipiga tena. "Umefika wapi?"

"Niko mtoni. Umejaa."

"Mtoni? Mbona hukupitia Machakos?"

Nyuma yake nilisikia sauti ya mama, nyembamba, ikitaja jina langu. "Mpe simu," nilisema. "Mpe sasa hivi." Mtandao ukakatika. Nilipanda juu ya pikapu, nikainua simu juu, nikapiga na kupiga. Wapi.

Tukageuza gari, tukarudi Wote, tukaanza safari upya kwa njia ya lami. Niliingia wodini saa kumi na moja jioni.

Mama alikuwa macho, lakini tangu saa nane hakuwa ametamka neno. Nilimshika mkono, akaubana. Nikamwambia, "Mwaitu, nitakuwa nikitaja, wewe unibane mkono nikipatia." Nikataja shamba. Nikataja baba. Nikamtaja mtoto wangu niliyemzika, ambaye hatukuwahi kumzungumzia. Alibana mkono kwa kila kitu, sawasawa, na mwishowe nikaelewa kwamba hakuwa akinijibu.

Aliishi hivyo siku tisa.

Baada ya mazishi ndugu yangu alinisindikiza mpaka barabarani. Nilimuuliza kama mama alimdokezea lolote.

"Nilimwambia aniambie mimi, nikufikishie," alisema. "Akasema atakungoja. Akasema hauko mbali."

Aligeuka akarudi nyumbani. Siku hizi nampigia Jumapili baada ya ibada. Tunaulizana mvua, tunaulizana mahindi, kisha mmoja wetu anasema, "Haya," na simu inakatwa.