Mawe Meupe ya Mumbe

Matumbo yote ya ng'ombe waliochinjwa Voi yalipitia mikononi mwa Mumbe, na kwa miaka kumi na mmoja hakuna aliyemshinda kuyaosha. Wengine walisuuza maji mawili wakasema wamemaliza. Yeye alikwangua na kugeuza na kukwangua tena, mpaka tumbo likawa jeupe kama taulo jipya. Pale kichinjioni palikuwa na desturi ambayo haikuandikwa popote: kinachopatikana ndani ya tumbo ni cha anayeliosha. Ng'ombe hachagui anachomeza. Mumbe alishaokota misumari, vipande vya waya, vizibo vya soda, na siku moja pete ya shaba ambayo aliiosha akaivaa bila haya.

Mwaka wa 1997 alianza kuokota mawe. Yalikuwa meupe, laini, marefu kuliko kidole gumba, na yote sura moja. Yalitoka kwa ng'ombe ambao Hanif, mwenye bucha, aliwanunua katika ranchi moja upande wa Maungu. Mumbe aliyapenda bure tu, akayaweka kwenye kopo la mafuta ya kupikia, na kila aliyepita akaonyeshwa.

Aliyemweleza ni mawe gani alikuwa kaka yake, Mwangangi, aliyechunga katika ranchi hiyo hiyo. Ng'ombe sitini walikuwa wamemezeshwa, kila mmoja lake. Ndani ya jiwe mlikuwa na kidude chenye nambari. Hakikuwa na betri wala waya. Kililala tu tumboni hadi mtu apitishe fimbo maalumu karibu na ubavu. Hapo kiliamshwa na nguvu za fimbo yenyewe, kikataja nambari yake. Mumbe alicheka mpaka akashika mbavu. Ameona mengi matumboni, alisema, lakini kitu kinachoitika kikiitwa, hicho bado.

Muuzaji wa vidude aliitwa Thadeus, mtu wa Nairobi mwenye viatu ambavyo vumbi la Voi halikuviheshimu hata kidogo. Alipenda kueleza jinsi soko lilivyokuwa likipanuka: huko Ulaya vinanunuliwa kwa maelfu, ranchi tatu za Taita zimeulizia, na hata wafugaji wa Mata, karibu na mpaka, wametuma ujumbe. Hao sitini walikuwa wa majaribio. Meneja wa ranchi akiridhika, ng'ombe wote wangemezeshwa.

Mwezi wa Agosti walipohesabu, nambari moja haikuitika. Mwangangi alisema huyo ni Madoa, aliyeliwa na simba waliotoka mbugani mwezi wa Julai, na mifupa aliionyesha siku ile ile. Meneja alimjibu kwamba mifupa haina jina. Mwaka uliotangulia wachungaji wawili walikuwa wamefukuzwa kwa kuuza ng'ombe mjini. Nambari hiyo ikipatikana Voi, alisema, Mwangangi ataondoka kazini na kupitia polisi.

Alhamisi moja Thadeus akaja kichinjioni. Alimwomba Mumbe kwa adabu alete mawe yake yote kesho yake yasomwe, yalinganishwe na orodha ya ng'ombe ambao ranchi ilimuuzia Hanif.

Mumbe alirudi nyumbani, akijua kisa cha Madoa na vitisho vya meneja. Mama yao alipofariki, Mwangangi ndiye aliyemlea, akimpikia na kumsuka nywele vibaya. Sasa akakumbuka asichotaka kukumbuka. Julai hiyo hiyo aliletwa ng'ombe wa madoadoa alfajiri, na hakuna aliyesema ametoka wapi. Julai hiyo hiyo Mwangangi aliezeka nyumba mabati mapya. Alimwaga mawe mezani akayatazama moja moja. Kama kati ya hayo lilikuwemo la kumfunga kaka yake, asingeweza kulitambua.

Kulipopambazuka aliyatumbukiza yote chooni. Aliona ameokoa mtu, na moyo wake ukatulia.

Thadeus alipokuja, Mumbe alimwambia aliyatupa zamani, alidhani ni takataka. Kichinjio kizima kilijua huo ni uongo. Habari zilifika ranchini kabla ya jua kutua, na meneja akampa Mwangangi siku nne afunge mizigo yake.

Mwangangi hakufunga kitu. Aliomba fimbo. Thadeus, aliyekuwa na biashara ya kulinda, akakubali kwenda naye mpaka kwenye mifupa. Fisi walikuwa wameitawanya, na fimbo yenyewe haisikii mbali, kwa hiyo walipapasa nayo ardhi hatua kwa hatua, siku mbili nzima. Siku ya tatu asubuhi, kando ya kichuguu, fimbo ililia. Walifukua vumbi kwa vidole wakapata jiwe jeupe. Nambari ilikuwa ya Madoa. Meneja aliomba radhi kwa maneno machache, kisha akaagiza mawe ya ranchi nzima.

Jumapili iliyofuata Mwangangi alikuja kwa dada yake. Mumbe alikuwa amepika muthokoi, na kwa furaha alijaza sahani mpaka ikafurika. Mwangangi alikula kidogo tu.

"Yale mawe uliyatupa lini?" aliuliza.

Mumbe angeweza kudanganya tena. "Ijumaa alfajiri," alisema. "Niliogopa watakufunga."

"Kwa hivyo ulidhani nimeiba."

"Nilidhani."

Mwangangi alisukuma sahani mbele, polepole, bila hasira.

"Mimi ndiye nilimtuma Thadeus kwako," alisema. "Nilimwambia, nenda kwa dada yangu, yeye hatupi kitu. Mawe yake yatanisafisha."

Mumbe alilia bila kuficha uso. Mwangangi hakuinuka kwenda, lakini pia hakumwambia anyamaze.