Meno ya Bunju

Mimi ni mtu wa ng'ombe. Nimezaliwa katika ng'ombe, nikasomea ng'ombe, na sasa nafanya kazi katika duka la dawa za mifugo hapa Garsen. Kutwa nauza dawa za minyoo na za kupe, na mtu akiniita natoka na mkoba wangu kwenda kutibu. Mpaka mwaka jana sikuwa nimewahi kumshika samaki aliye hai. Sisi Waorma wa bara samaki si chakula chetu. Harufu yake tu ilitosha kumfanya bibi yangu afunike pua kwa mtandio. Ndiyo maana watu hucheka nikiwaambia kwamba mgonjwa ninayejivunia kuliko wote niliowahi kutibu ni samaki wa maji ya chumvi.

Mwenye samaki huyo alikuja dukani asubuhi moja, kabla sijamaliza kufagia. Nilimjua kwa sura: yule mama mnene wa Kipini mwenye hoteli ng'ambo ya barabara, pale wasafiri wa Lamu wanaposhuka kunywa chai. Alisimama mlangoni akishika fremu kwa mkono mmoja.

"Mwanangu, wewe ndiwe daktari?"

"Daktari wa mifugo, mama. Karibu."

"Basi nami nina mfugo. Leo siku ya tisa haujatia kitu tumboni."

"Ng'ombe au mbuzi?"

"Samaki."

Ndani ya duka walikuwamo wafugaji wawili kutoka pande za Bangale, wamekuja kununua bomba la kunyunyizia dawa. Mmoja aliangua kicheko. Mwenzake akaniuliza kwa lugha yetu kama samaki hupigwa sindano shingoni au pajani. Mimi sikucheka, na si kwa sababu ya heshima. Nilikuwa nimeuona uso wa yule mama. Uso huo naujua. Ni uso wa mtu aliyeamka akakuta maziwa hayashuki.

"Nitakuja baada ya chakula cha mchana," nikamwambia.

Tangi lake la kioo lilikuwa ukutani kwenye ukumbi wa kulia, refu kama kitanda cha mtoto, limewekewa taa na mashine ya kupiga hewa inayotumia sola. Alikuwa ameliweka tangu alipoolewa Garsen, kwa sababu, alisema, alizaliwa akisikia bahari, na hapa husikia malori tu. Ndani mlikuwa na mawe, mchanga mweupe, na samaki mmoja: bunju. Mvuvi mmoja wa kwao alimtoa wavuni akataka kumtupa, kwa kuwa bunju ana sumu na haliwi. Mama akamwomba, akamleta ndani ya mtungi wa plastiki akiwa mdogo kama ndimu. Sasa alijaa viganja viwili. Mgongo wake ulikuwa wa hudhurungi wenye madoa meupe, na macho yake yalizunguka kila moja kwa wakati wake, kama ya kinyonga. Lakini tumbo, ambalo kwa bunju hutakiwa kuwa duara, lilikuwa limeingia ndani.

Kila mtu hotelini alikuwa na lake la kusema. Mhudumu alisema samaki amepigwa jicho. Mteja mmoja wa kila siku alisema ni hamu ya bahari. Mpishi, mwanamume Mpokomo wa Golbanti mwenye maneno machache, alisema samaki anadeka.

"Nimempikia kuliko wateja," aliniambia. "Kamba nimemenya. Ngisi nimekata kama tambi. Ini la kuku, yai la kuchemsha, mnofu wa changu. Anaonja, anatema. Huyu amedekezwa akaharibika."

"Mpe kitu nione," nikasema.

Mama akadondosha kipande cha mnofu. Bunju alitoka nyuma ya jiwe kwa haraka, akapepesa mapezi yake madogo, akaenda moja kwa moja kwenye kile kipande na kukigonga kwa mdomo. Akagonga tena. Kipande kikazunguka, kikashuka mchangani.

"Unaona?" mpishi akasema. "Anachagua."

Nilivuta kiti nikakaa uso kwa uso na kioo. "Mpe tena."

Mara ya pili ikawa vilevile. Na ya tatu. Mara ya nne nilikuwa nimesahau kama naangalia samaki. Nilikuwa namwona punda mmoja mchota maji niliyemtibu nikiwa katika mafunzo. Wenyewe walisema ni mvivu wa kula. Kumbe meno yake ya pembeni yalikuwa yameota makali yanayomchoma shavu, kila akitafuna nyasi zinamdondoka. Mnyama asiyetaka chakula hugeuza kichwa. Yule punda hakugeuza kichwa, na huyu bunju naye alikuwa akiukimbilia ule mnofu kama mwenye kiu.

"Mama," nikasema, "huyu hakatai. Anataka kula, anashindwa."

Niliwasha tochi ya simu nikaibandika kwenye kioo. Bunju, nadhani kwa udadisi, akaja karibu kabisa. Meno yake ni manne tu, yameungana juu na chini kama mdomo wa kasuku. Ya juu yalikuwa yamerefuka, yakapinda na kuteremka mbele ya yale ya chini mpaka mdomo ukawa kama mlango uliowekewa komeo. Kijiti cha kiberiti kingepita kwa shida.

"Zamani alikuwa akila nini?"

"Kaa wadogo," mama akasema. "Na konokono wa mikokoni. Dereva wetu alikuwa akiniletea kutoka Kipini pamoja na maji ya bahari. Mafuriko yalipokata barabara akaacha kuja. Maji sasa naagiza upande wa Malindi. Kaa siwapati, basi nikawa nampa minofu laini." Akaweka mkono kifuani. "Ni mimi niliyemfanya hivi?"

"Ni barabara, mama."

Lakini ndiyo ilikuwa hivyo. Meno ya bunju hayaachi kukua maisha yake yote. Magamba magumu ndiyo huyasaga. Kwa miezi mingi alikuwa amelishwa kwa upendo vitu visivyo na gamba.

Nilimwambia anipe siku mbili, nami sikuzitumia kupumzika. Nilisoma kwenye simu mpaka macho yakauma. Watu wa nchi za mbali wanaofuga bunju huwakata meno. Huwalaza kwanza kwa matone ya mafuta ya karafuu ndani ya maji. Yakizidi, samaki haamki. Na ukimtoa majini akashtuka, hujivimbisha kwa kujaza hewa tumboni badala ya maji, na hewa hiyo inaweza kumuua. Mafuta ya karafuu niliyapata dukani kwa Mwarabu, chupa ndogo ya maumivu ya jino. Koleo dogo la kukatia kucha nikalinunua palepale panapouzwa vipodozi, jipya, lenye ncha nyembamba. Kisha nikaomba jikoni kwa mpishi gamba la kaa, nikajaza karai maji, nikawa nakata ncha za gamba zikiwa ndani ya maji, taulo bichi mkononi, mpaka nikajua nguvu inayotakiwa. Mara ya kwanza nililivunja gamba zima. Jioni ya siku ya pili nilikuwa naweza kuondoa unene wa ukucha, si zaidi.

Asubuhi tuliyopanga, hoteli ilikuwa haijafunguliwa. Tuliweka ndoo mbili mezani, zote za maji ya tangi. Mama alijifunga leso mbili kana kwamba anakwenda kuzalisha mtu. Kwa hofu aliyokuwa nayo, sikumpa kitu cha kushika. Nilimwonyesha tamvua, pale kando ya kichwa samaki anapopumulia.

"Kazi yako ni kutazama hapa. Likicheza, sema anapumua. Usiseme lingine."

Nilitikisa matone ya karafuu ndani ya chupa ya maji ya uvuguvugu mpaka yakawa meupe kama maziwa yaliyochanganywa maji, nikamimina kidogokidogo kwenye ndoo ya kwanza. Ukumbi mzima ulinuka pilau. Bunju alizunguka, akalegea, akainama upande, akalala.

"Anapumua," mama akasema.

Nilimkamata kwa taulo. Ngozi yake ilikuwa kama kavu, ya kukwaruza, ingawa ilikuwa ndani ya maji; sikulitarajia hilo. Moyo wangu ulikuwa ukipiga kama siku ya kwanza niliyomsaidia ng'ombe kuzaa. Nikaingiza ncha ya koleo.

"Anapumua. Anapumua."

Kipande cha kwanza kilikatika kwa mlio mdogo, tiki, nikauhisi kwenye vidole kabla sijausikia. Cha pili. Nikageuza mkono, nikafuata jino la chini. Mpishi alikuwa amesimama nyuma yangu akinimulikia kwa simu na sikumsikia hata akihema.

"Anapumua," mama akasema, kisha akanyamaza.

"Mama?"

"Sioni. Halichezi."

Kulikuwa kumebaki kona moja ya jino la juu. Ningeiacha, kazi ingekuwa nusu. Nikaikata, tiki, na papo hapo nikamhamishia kwenye ndoo ya pili, maji safi. Nilimshika chini ya tumbo, nikawa namsukuma mbele polepole ili maji yaingie mdomoni na kupita kwenye matamvua. Namsukuma, namzungusha, namsukuma. Alikuwa mzito na mlegevu kama kitambaa kilicholowa. Mama alianza kusoma dua kwa sauti ndogo. Sijui ilikuwa dakika ngapi. Najua tu kwamba nilianza kutunga maneno nitakayomwambia, na hayakuwa yakikaa sawa kichwani.

Kisha pezi la upande wa kidole gumba changu likatingishika.

"Anapumua!" mama akapiga kelele. "Anapumua, anapumua, anapumua!"

Nilibaki nimemshika mpaka alipojivuta mwenyewe kutoka mkononi. Alipokwisha kurudi tangini alijificha nyuma ya jiwe, akakataa kututazama, na tulimwona ana haki.

Siku hiyo hakula. Nilirudi dukani nikauza dawa na kujibu watu, lakini masikio yangu yalikuwa ng'ambo ya barabara. Kesho yake mchana mpishi mwenyewe ndiye aliyekuja kuniita. Alikuwa amemtuma mtu wa pikipiki mpaka Kipini kupitia njia mbovu, na alikuwa na kopo la kaa wadogo wa mikokoni, wa ukubwa wa kifungo cha shati.

"Njoo umpe wewe," akasema.

Ukumbi ulikuwa umejaa wasafiri. Nilipanda juu ya kiti, nikamdondosha kaa mmoja. Bunju alichungulia. Kaa alikimbia kwa ubavu juu ya mchanga, na lile jicho moja likamfuata, kisha jingine likamfuata, halafu yeye mzima. Alimdaka. Na tukasikia sote, kupitia kioo, kupitia kelele za vijiko na vikombe: kwacha. Mlio wa gamba likivunjika. Vipande viwili vya gamba vikamtoka pembeni mwa mdomo, naye akabaki akitafuna.

Ukumbi ukapiga makofi. Dereva mmoja wa lori, ambaye hakujua lolote, akauliza kuna harusi ya nani. Nilishuka kwenye kiti, na mama wa Kipini akanishika uso kwa mikono miwili mbele ya watu, akanibusu paji la uso, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Mtoto huyu ni daktari!" Mimi nimefuzu, nina cheti kilichotiwa fremu, nimewafufua ndama ambao wenyewe walikuwa wamekwisha kuwanolea kisu. Lakini hakuna aliyewahi kunitangaza namna ile. Sikujaribu kuificha furaha yangu. Niliibeba ikiwa imesimama wima kama mtungi kichwani.

Bunju alikula kaa watano siku ile. Wiki ya pili tumbo lilikuwa limerudi duara. Nimemkata meno mara moja tena tangu hapo, kidogo sana, na mara hiyo mama alishika taulo mwenyewe. Mpishi sasa ana utaratibu: konokono kila siku ya pili, na mnofu laini haruhusu mtu kumpa hata akiwa mwenye hoteli.

Jioni ile ya kaa watano nilimpigia mama yangu mzazi, aliye kwetu Nanighi, ambaye hajawahi kuona samaki anayefugwa wala hoteli yenye tangi. Nilimweleza kwa lugha yetu, nikikwama kwenye maneno tusiyokuwa nayo. Alinisikiliza bila kukatiza.

"Ulimshika kwa mkono?"

"Kwa mkono, mama. Na taulo."

"Ukamkata meno akiwa hai?"

"Akiwa amelala."

"Na akaamka akala?"

"Akala watano."

Kisha nikasikia akiita jirani, na jirani mwingine, na mtu akivuta mkeka. Sauti yake iliporudi ilikuwa imebadilika, imekuwa kubwa, sauti ya mtu anayeongea mbele ya watu.

"Nimekuweka kwenye spika," akasema. "Haya. Waambie binti yangu amefanya nini."