Gari la Kuvuka Mto

Mbithi aliwahi kuvutwa na punda mbele ya wakwe zake, na mwanamume akishapatwa na hilo hawi yule yule tena.

Ilikuwa zamani, binti yao Debra angali ananyonya. Mbithi na mkewe Mwelu walikuwa wakienda kwa kina Mwelu, huko mbele ya mji mdogo wa Mutomo, ambako kabla ya kufika nyumbani ni lazima uvuke mto wa mchanga. Mto huo huwa mkavu karibu mwaka mzima, lakini mvua ikipiga vilimani hushuka kwa hasira. Gari lao dogo lilizama katikati, na maji yakaanza kuja. Vijana wakaleta punda, wakafunga kamba, wakalikokota hadi ng'ambo, Mbithi akiwa bado kashika usukani kana kwamba ndiye anayeendesha. Wanawake walicheka wakashika mbavu. Aliyekosa kucheka ni mama mkwe wake peke yake. Alivua leso yake, akamfunika nayo mabegani, akamwambia aingie ndani anywe uji.

"Nitarudi hapa na gari lisiloomba msaada," Mbithi alimwambia mkewe walipokuwa wakirudi Nairobi. Mwelu aliyachukulia kuwa maneno ya mtu mwenye matope viatuni. Hakujua kwamba ameolewa na mtu wa nadhiri.

Miaka ilipita. Mbithi alipanda ngazi katika ofisi ya bima kule Hurlingham, ambako kazi yake ilikuwa kukagua magari yaliyogongwa, na hatimaye akanunua Prado kuukuu. Siku ile ile aliyoileta nyumbani, alimwambia Mwelu, "Hii ndiyo ya kukupeleka kwa mama." Na Mwelu alifurahi. Tusimnyime Mbithi haki yake: alisema kweli, na alimaanisha.

Lakini Prado ilipata marafiki. Kuria, mwenzake wa tangu shule, alikuwa na kiwanja kipana kwao Kitisuru, urithi wa babake, chenye banda la mabati na miti mirefu ya kuzuia macho ya majirani. Jeremy naye alikuwa mtu wa kompyuta, mwenye mikono laini na ndevu nyingi, aliyejifunza ufundi kwa kutazama video. Kila Jumamosi watatu hao walikutana chini ya lile banda, wakavua mashati ya ofisi, wakavaa ovaroli, wakalala chini ya magari. Asubuhi walianzia mjini, Barabara ya Kirinyaga, kubishana na wenye maduka ya vipuri. Mchana walifunga walichonunua. Jioni walichoma nyama na kukisifu. Ukiwaona wakati huo, nyuso zimejaa grisi na wanacheka hovyo, ungedhani ni vijana waliotoroka shule.

Wakaanza na magurudumu, makubwa, yenye meno. Magurudumu yakagusa matao ya bodi, basi ikabidi gari liinuliwe kwa springi ndefu. Likainuliwa. Likaja bampa la chuma la mbele, na winchi yake ya kujivuta kutoka kwenye matope, kwa sababu Mbithi hakutaka kumwona punda tena maisha yake yote. Likafuata bomba la kuvutia hewa lililopanda kando ya kioo hadi juu ya paa, ili injini ipumue hata maji yakifika kwenye boneti. Springi za kwanza zikalemewa na uzito wa chuma, zikaja nyingine ndefu kuliko hizo. Viti vya nyuma viling'olewa, pakawekwa droo za mbao za vyombo na friji ndogo. Kila kitu kilidai mwenzake. Na safari ndefu kuliko zote ambazo Prado hiyo iliwahi kufanya ilikuwa kwenda Limuru kula mbuzi.

"Bado haijaiva," Mbithi alisema kila alipoulizwa.

Wakati gari likipanda, Mwelu alikuwa akishuka. Baridi yabisi ilimwanza kwenye vidole, ikahamia magotini, kisha ikapiga kambi kwenye nyonga. Wakati huo walikuwa wakikaa Parklands, ghorofa ya tatu, na kila jioni Mbithi alimsikia akipanda ngazi moja moja, akipumzika, akipanda. Basi alitafuta nyumba ya chini katika jengo lilo hilo, akalipia wahamishaji, akamwekea mkewe kiti cha plastiki bafuni na vishikizo ukutani kando ya choo. Alifanya hayo yote bila kuambiwa. Ndiyo maana mimi hushindwa kumwita mtu mbaya. Alizijua nyonga za mkewe kama alivyozijua springi zake, ila yalikuwa maarifa ya nyakati mbili tofauti: nyonga za Jumapili hadi Ijumaa, springi za Jumamosi.

Mama mkwe naye alizeeka, moyo ukachoka, miguu ikavimba. Alikataa katakata kuletwa Nairobi. Kila Alhamisi jioni Mwelu alimpigia simu, akazungumza naye Kikamba kwa sauti ya kitoto.

"Mwaitu ameuliza tena tutaenda lini," alimwambia mumewe. Mwaitu ndivyo Wakamba humwita mama.

"Mwezi huu, Mama Debra. Imebaki kitu kidogo tu."

Masila, kaka yake Mwelu, alikuwa na Probox ya kubebea mahindi, na alikuwa akienda nyumbani mara kwa mara. Siku moja alipita Parklands kumchukua dada yake.

"Shemeji, wacha niende na yeye," alisema akiwa mlangoni. "Mimi natoka saa hii, nitamrudisha Monday."

"Na hizo nyonga? Kiti ya Probox itammaliza mgongo, Masila. Na ule mto?"

"Mto gani? Kuna daraja siku hizi. Ile ya chini, ya simiti. Hata mimi navuka nikiwa na load."

Mbithi alicheka. "Hiyo ni daraja ya kampeni. Mvua moja tu, kwisha. Mimi nitampeleka mwenyewe. Nilimuahidi."

Mwelu alikuwa ameshashika mkoba. Aliwatazama wote wawili, mume na kaka, kisha akaurudisha kitandani. Ahadi ya mume ni kitu kizito, na si vyema mke kuonekana akiikimbia mbele ya nduguze. Masila akaondoka peke yake. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wahenga walisema, lakini hawakusema ni matumbo ya nani. Tumbo la Mbithi lilikuwa salama kabisa. Juma lililofuata alifunga taa za paani.

Hatimaye simu ya Alhamisi moja ilikuwa fupi. Mama hakuwa na pumzi ya kuongea, jirani alimshikia simu. Mwelu aliingia chumbani, akamkuta Mbithi akitazama picha za hema la kufunga juu ya gari, akamwambia bila kupandisha sauti, "Jumamosi hii. Ikiwa imeiva au haijaiva."

Na Mbithi akakubali kwa furaha. Hakuwa na wasiwasi. Siku yake ilikuwa imefika.

Jumamosi hiyo watatu hao walitoka Kitisuru asubuhi, wakaingia Parklands kwa kishindo. Kuria na Jeremy walikuwa wameamua kuja kumuaga mwenzao kama watu wanaomsindikiza bwana arusi. Majirani walitoka kwenye roshani. Mwelu alitokea akiwa amevaa kitenge kipya, na mkoba wake ulikuwa na blanketi, sukari, na kopo la ugoro ambao mama yake aliupenda kuliko chakula. Jeremy aliupokea mkoba, akauweka ndani ya droo ya nyuma. Mwelu akausogelea mlango wa mbele, Mbithi akamfungulia.

Akasimama.

Sakafu ya gari ilimfika karibu na nyonga. Nyonga zenyewe, zile zile. Alishika mlango, akajaribu kuinua mguu wa kulia, haukufika popote. Akajaribu wa kushoto.

"Ngoja, ngoja, Mama Debra," Kuria alisema, akakimbia dukani, akarudi na kreti ya soda. "Panda hapa kwanza."

Alipanda juu ya kreti, ikayumba. Jeremy akamwambia, "Shika hiyo handle ya juu, sisi tutakupush kidogo tu." Wakamshika, wawili nyuma na mumewe mbele akimvuta mikono, wakamwinua kama gunia la viazi linalopakiwa lorini. Nyonga ikalia. Mwelu akapiga yowe ambalo Mbithi hakuwahi kulisikia, hata siku Debra alipozaliwa.

"Niwekeni chini."

"Umefika, bado kidogo..."

"Nimesema niwekeni chini!"

Wakamshusha. Alinyoosha kitenge chake, ambacho kilikuwa kimepanda mbele za watu. Mbithi alihisi aibu ikimpanda shingoni, ile ile ya mtoni.

"Pole, Mama Debra. Pole sana," alisema. "Nitaweka vidato huku kando. Nitapeleka kwa fundi leo leo."

Kuria, ambaye hakuwa na nia mbaya hata chembe, alichuchumaa akachungulia chini ya gari. "Sawa, lakini step itakula clearance, buda. Itagusa mchanga pale mtoni."

Na hapo ndipo Mbithi alipotenda kosa lake. Alichuchumaa tu kando ya Kuria, akachungulia chini, akaanza kupima kwa macho. Mwelu alimwona akipima. Alimwona mumewe akiweka nyonga zake upande mmoja na mchanga upande wa pili, na akaona kwamba mizani haikuanguka mara moja. Akageuka, akaingia ndani, akafunga mlango polepole.

Mama alikufa Jumanne, kabla fundi wa vidato hajamaliza kuchomelea.

Mwelu alisafiri na Masila, kwenye kile kiti cha Probox, akiwa na mto mgongoni. Mbithi aliwafuata na Prado, peke yake, kwa sababu viti vya nyuma havikuwepo na waombolezaji hawakai ndani ya droo. Njia nzima alitazama mgongo wa Probox. Walipoukaribia mto alishuka gia kwa mazoea, akajiandaa. Probox haikupunguza hata mwendo. Ilipita juu ya daraja la saruji, ikapanda ukingo wa pili, vumbi likatimka. Chini yake mchanga ulikuwa mkavu, na mbuzi walikuwa wamelala humo. Mbithi alivuka nyuma yao. Alikuwa na muda wa kuhesabu hadi kumi tu, na mto ukawa umekwisha. Mto wa miaka yote ile.

Matangani hakuna aliyemtaja punda. Afadhali wangemtaja. Vijana walilizunguka gari, wakalishika bampa, wakalisifu. Mzee mmoja, jirani aliyekuwa akimshikia marehemu simu, alimpa mkono wa pole akaushikilia.

"Kwa hivyo ndilo hili," alisema. "Marehemu alitueleza sana habari zake. Siku za mwisho, gari lolote likinguruma kule mtoni, alikuwa anasema, fungueni mlango, huyo ni Mbithi amemleta mtoto wangu. Tunafungua. Tunakuta ni Probox ya mahindi."



Jumamosi iliyofuata matanga alikwenda Kitisuru akamwomba Kuria jeki. Jeremy alidhani anataka kubadilisha springi kwa zilizo bora.

"Nataka zile za kwanza," Mbithi alisema. "Za kiwandani."

"Buda, unaharibu gari," Kuria alisema. "Tumeweka miaka hapa."

"Najua."

Kuria akatazama uso wake, akaleta jeki. Walifanya kazi bila redio na bila nyama. Wakashusha magurudumu, wakatoa springi, wakafungua bampa. Mbithi mwenyewe alizing'oa droo za mbao ili arudishe viti, na ndani ya ile ya chini akaukuta mkoba wa Mwelu, jinsi ulivyowekwa siku ile. Blanketi lilikuwa bado kwenye nailoni. Alilifungua kopo, harufu ya ugoro ikampiga puani, akapiga chafya hadi machozi yakamtoka, na alipomaliza kupiga chafya machozi hayakukoma. Rafiki zake wakatoka nje ya banda, wakamwacha.

Jioni aliliegesha gari mbele ya nyumba, akaingia kumwita mkewe. Mwelu alitoka na mkongojo wake, akalitazama gari, fupi na la kawaida kama la mtu yeyote. Alifungua mlango, akageuza makalio, akaketi, kisha akaingiza miguu mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyemshika. Mbithi alizunguka, akaketi nyuma ya usukani, akauweka mkoba mapajani mwa mkewe.

Mwelu alilitoa kopo la ugoro, akalishika kwa vidole vyake vilivyopinda.

"Imekuwa rahisi," alisema.

"Ndiyo," Mbithi alisema, na akawasha gari.

Mwelu aliendelea kutazama mbele, kwenye lango, ambalo bawabu alikuwa ameshalifungua na sasa amelishikilia, akiwangoja.

"Haya, Baba Debra," alisema. "Sasa unanipeleka wapi?"