Jirani Aliyesifu Kasiksi

Juzi mtoto wangu alirudi na devoir ya sciences, kazi ya kufanyia nyumbani: badilisha kitu kimoja, vingine viache vilevile, kisha rudilia. Nikacheka peke yangu. Rafiki, somo hilo mimi nililipata Butembo, nyuma ya jikoni ya koko, mama ya baba.

Wakwe wa shangazi walikuwa karibu kutoka Alimbongo kuleta mahari. Koko akakamua ndizi, akatia unga wa mtama uliokaangwa, akamimina kasiksi, pombe yetu ya ndizi, katika bidon mpya ya plastiki ya sokoni. Jirani, rafiki yake tangu ujana, akapita akisema: "Ee, harufu muzuri!" Ilipofika siku ya kuionja, pombe ilikuwa imechacha, hainyweki. Shangazi akalia: "Ule mama iko na kinywa mubaya, akisifu kitu kinaharibika, asikanyage tena hapa!" Mtaa mzima ukaacha kumsalimia. Lo, nilimhurumia! Alikuwa akipita kando ya ukuta ameinamisha kichwa.

Koko hakubishana na mtu. Maji yaleyale ya ndizi, mtama uleule, akagawa: nusu katika bidon, nusu katika chungu chake cha zamani. Kisha akaenda mwenyewe kumwita jirani.

"Kuja usifu yote mbili, tena kwa nguvu!"

Maskini, akasifu zote mbili. Ya bidon ikachacha tena. Ya chungu ikawa tamu, ee mama, inanukia ndizi mbivu na moshi, povu mpaka puani.

"Donc, basi, ni bidon," akasema shangazi.

"Hapana. Mara moja inaweza kuwa bahati tu," koko akajibu.

Akarudilia yote, safari hii jirani akiwa shambani, mbali kabisa. Mambo yakawa yaleyale. Basi bidon ndiyo iliyofukuzwa nyumbani.

Siku ya mahari koko alimpa jirani kibuyu cha kwanza apeleke kwa wageni. Alikibeba kimya, akiogopa kufungua mdomo. Koko akamzuia mlangoni.

"Batangoja na kiu yabo mupaka useme."

"Harufu muzuri," akasema jirani, machozi yakamtoka. Shangazi ndiye aliyekunywa wa kwanza.

Leo chungu hakuna, pale uani pamejengwa duka, na wale mama wawili, koko na jirani, wamelala makaburini. Watu wanahukumiana kwenye simu bila kujaribu hata mara moja. Mimi, kila nikipewa kasiksi huko Beni, naisifu kwa sauti kubwa kabla ya kunywa. Watu wanageuka kunitazama. Waache wanitazame.